Kesho Nakatwa Busha

Jumanne jioni, wodi ya wanaume

Eti nimezeeka mno kukatwa busha! Mwanangu Kastori amepanda bodaboda kutoka Kasokola kuja kuzuia operesheni ya kesho.

"Baba, babu naye alikatwa, akafa."

Kweli alikufa. Wanaume wanne walimshika, fundi akamkata kwa wembe wa kunyolea ndevu, hata kuuchemsha hawakuuchemsha. Kidonda kikaoza.

Nikamwambia, "Babu yako hakupata ganzi, wala fundi wake hakunawa mikono. Wa kwangu ananawa mpaka viwiko."

Kastori akagoma kutia sahihi fomu ya kukubali operesheni. Daktari, binti wa umri wa wajukuu zangu, akauliza kama naweza kusaini mwenyewe.

Nikamtania kama mjukuu, "Mke wangu, darasa la nne linatosha kuandika jina."

Akacheka, akanipa kalamu. Nikaandika herufi kubwa, Kastori azione vizuri.

Naogopa, sikatai. Wanachoma ganzi mgongoni, miguu inakufa, lakini masikio yanabaki kusikia mikasi. Sasa baba alisikia nini, yule...

Basi. Miaka kumi na moja navaa kanzu kama shehe, na mimi Mkatoliki. Nimemrudisha Kastori nyumbani akaniletee suruali.