Kiwanja Karibu na Bomba

Buffalo, mwezi wa nane

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na tumbo limetulia tangu juzi. Sababu ya kulitaja tumbo utaiona mbele. Goti lako linasemaje? Shangazi aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nikamwuliza kama umeshuka pia, maana najua kushuka ndiko kunakokuuma. Hakunijibu vizuri. Nijibu wewe.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Kigoma kumwona dada yake. Shangazi akusomee taratibu, na asiruke sehemu chafu. Ulitaka nikueleze yote jinsi yalivyotokea, na yalivyotokea yananuka.

Baada ya kumzika Baba ulitupa maagizo. Watoto wako watatu tukutane, tulale mahali pamoja, tule chungu kimoja, tunawe ziwani kama ilivyo desturi ya kwetu, kisha Kaka Zakaria kwa kuwa ndiye mkubwa aseme msiba umekwisha. Kabla ya hapo, ulisema, hakuna harusi katika nyumba hii. Neema wa Dada Spesioza ana mchumba tangu Baba hajaugua, na wakwe kule Columbus walishaanza kuuliza kama hatutaki mahari yao au hatumtaki kijana wao. Dada alikuwa amechoka kuwajibu.

Kukutana si jambo jepesi. Zakaria yuko Louisville, anapakia mizigo ghalani, na supavaiza wake alimpa mwisho wa wiki mmoja tu baada ya kumbembeleza tangu masika. Dada anahudumia wazee Columbus. Mwenye ziwa kati yetu ni mimi peke yangu, lakini nyumba yangu ya mtaa wa Bailey ina vyumba viwili, na mwenye nyumba akiona magari mengi mlangoni huja kuuliza ni mkutano gani. Kwa hiyo Dada akasema tukodi uwanja wa mahema kando ya ziwa, kama Wamarekani wanavyofanya wakati wa joto. Kazi ya kuuchagua nikapewa mimi.

“Wewe ni mwandishi wa habari,” alisema kwenye simu. “Nenda, tazama, uliza, utuletee ripoti.”

Niseme wazi kwamba sijawaelewa hawa watu. Mtu aliyekulia kambi ya Kibondo chini ya turubai haelewi kwa nini mwenye nyumba ya matofali aiache na alipe ili alale chini. Nimewauliza wengi. Mmoja wa kazini aliniambia ni kwa ajili ya kupumzika. Nikamwuliza, kupumzika na nini? Akasema, na nyumba.

Nilitembelea viwanja vitatu, kusini mwa mji, pale vitongoji vinapoegemea ziwa: kwanza nyumba zenye nyasi zilizonyolewa, kisha barabara, kisha mahema, kisha maji. Ukiwa mbali ni kama picha ya kalenda. Kwenye uwanja wa kwanza nilishuka hadi ufukweni nikakuta samaki waliokufa wamelala mstari mmoja, matumbo juu, na maji yana utando wa kijani, mzito kama mrenda uliolala. Watoto walikuwa wanaogelea humo. Mama yao alikaa mchangani anakula soseji, nzi wanachagua kati ya soseji na samaki. Nikaondoka.

Kwenye uwanja wa pili mwanamke mmoja, mtu mpole, alinionyesha bafu kwa fahari. Ndani tulimkuta mzee anamwogesha mbwa pale pale watu wanapooga. Alipomaliza kumkausha akamwachia amlambe mdomo. Si shavu, Mama. Mdomo. Nikamwuliza yule mwanamke kama inaruhusiwa. Akasema mbwa wanakaribishwa, ila watu wasizidi sita kwa kiwanja.

Uwanja wa tatu ulikuwa safi. Vyoo vimeoshwa, mbwa wamefungwa, ziwa liko mwendo mfupi na siku ile halikunuka. Kijana wa ofisini alifungua ramani akaniuliza nataka kiwanja kipi: cha chini ya miti, cha karibu na bembea za watoto, au kile cha karibu na bomba. Sikufikiri. Wewe unajua ilivyokuwa kambini. Mwenye kiwanja karibu na bomba alikuwa mtu. Sisi tulikaa mwisho wa mtaa, na shingo yako mpaka leo inakumbuka ndoo. Nikasema, cha bomba.

“Una uhakika?” akaniuliza. “Watu wengi hawakipendi.”

Nikadhani hawakipendi kwa sababu ya foleni. Nikamwambia foleni tunaijua.

Bomba lilikuwa na kibao. Nilikiona na sikukisoma. Kambini kila bomba lilikuwa na kibao, na kila kibao kilisema ni nani ametoa fedha za bomba. Hakuna aliyekisoma akachota maji matamu zaidi. Nikawapigia ndugu zangu simu: nimepata, bomba liko mlangoni. Zakaria, ambaye unajua hasifu mtu, akasema, “Hapo umefanya kazi.”

Walifika Ijumaa alasiri. Zakaria alitoka Louisville na gari lake, akawapitia Dada na Neema Columbus. Walishuka miguu imevimba. Tukasimamisha mahema kabla majirani zetu Wamarekani hawajamaliza kusoma karatasi ya jinsi ya kusimamisha lao. Mmoja wao alikuja kumwuliza Zakaria amejifunzia wapi. Zakaria akamwambia, “Shuleni,” akaendelea kukaza kamba. Tukalala mahali pamoja, kama ulivyoagiza.

Jumamosi asubuhi Dada aliwasha moto. Akapika maharage, wali, na mbuzi tuliyemnunua kwa Msomali hapa mjini, vyote kwa maji ya lile bomba. Sisi tukawa tunaonja, kama watu wenye njaa wanavyoonja, yaani tulikula. Zakaria ndiye aliyeonja zaidi, akidai chumvi bado haijajitambulisha.

Karibu na saa sita mchana Dada akaenda kuongeza maji. Akakuta nyumba ya magurudumu, ndefu kama basi, imesimama penye bomba, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Akaweka ndoo yake kwenye foleni, akasimama nyuma yake.

Mwanamume alishuka amevaa glavu za hadi viwikoni. Akainua mfuniko uliokuwa chini, ambao mimi niliudhania wa mita ya maji, akaingiza mpira mnene kama paja, akafungua kitu ubavuni mwa nyumba yake. Sauti ilikuja kwanza, harufu ikafuata. Nimewahi kuripoti kutoka machinjioni na kutoka wodi ya kipindupindu. Harufu ile ilikuwa na yote mawili. Alipomaliza akauchomoa mpira, akauvika kwenye bomba letu mdomo kwa mdomo, akausuuza.

Ndipo akaiona ndoo. Akamwuliza Dada kitu kwa Kiingereza. Dada akamjibu kwa Kiswahili kwamba hana haraka. Neema akaja.

“Mama, anauliza kama unapikia haya maji.”

“Mwambie ndiyo. Mwambie karibu, chakula kipo.”

Neema hakumwambia. Alikuwa anasoma kibao.

“Mama, haya maji si ya kunywa. Ni ya kuoshea mipira ya choo.”

“Choo cha nani?”

“Cha kila mtu.”

Dada akaitazama foleni, gari moja baada ya jingine. Akaitazama ndoo. “Tangu lini?”

“Tangu lijengwe, Mama.”

Yule mwanamume akavua glavu moja, akanyoosha mkono kuomba radhi. Dada aliutazama mkono ule mpaka ukarudi wenyewe.

Zakaria alitapika nyuma ya hema. Mimi nilitapika mbele yake. Aliporudi alikuwa anafuta mdomo kwa shati.

“Mwandishi wa habari,” akaniambia. “Unajua waziri wa nchi gani amejiuzulu. Kibao kilicho mbele ya pua yako hukijui.”

“Ulisema nimefanya kazi.”

“Nilisema kabla sijaila hiyo kazi.”

Akaanza kung'oa hema lake. Hakulikunja, alilisokota akalisukuma ndani ya gari na vigingi vyake na udongo wake. Akaingia, akawasha gari, akalisogeza mpaka penye bomba ili aondoke kwa njia ya mbele, akafungua kioo.

“Spesioza, panda. Neema, panda. Msiba wa Baba hauishii penye shimo la mavi. Tutafanya mwaka mwingine, mahali pa watu.”

Mwaka mwingine haukuwepo, na sote tulijua, hata yeye. Wakwe hawangengoja mpaka supavaiza wa Louisville apate huruma tena. Neema alisimama kando ya mlango wa gari bila kuugusa.

Dada alikuwa amerudi jikoni. Alikuwa anamwaga maharage kwenye pipa la taka, kwa mwiko, taratibu, mpaka sufuria ikawa tupu. Kisha wali. Kisha mbuzi mzima na mchuzi wake. Nilitaka kumsaidia akaniambia nikae mbali. Kumwaga chakula cha msiba ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, na sitaki kuliona tena. Alipomaliza akaenda kwenye kioo cha gari.

“Kaka, Baba alikuwa anafanya kazi gani?”

“Baba alikuwa mkulima.”

“Hiyo Rumonge, kabla hatujakimbia. Na Kibondo?”

Zakaria akatazama mbele.

“Kibondo alichimba vyoo,” Dada akasema. “Mtaa mzima ulichuchumaa juu ya kazi ya Baba, na sabuni ya kutuogeshea ilitoka humo. Wewe ulikuwa unavuka barabara ukimwona anakuja na beleshi. Mimi niliona. Na yeye aliona, akaanza kupita njia ya nyuma ya shule ili usiaibike mbele ya wenzako. Sasa umepata gari, unavuka barabara tena.”

Mama, sijui kama ulijua habari ya njia ya nyuma. Mimi sikuijua. Naiandika kwa kuwa ilisemwa mbele yangu.

Zakaria alikuwa bado ameshika usukani. Mwenye nyumba ya magurudumu iliyofuata alipiga honi, maana gari letu lilikuwa limemzibia shimo. Zakaria akazima gari. Akashuka, akaliacha pale pale.

“Angoje,” akasema.

Kitu pekee ambacho hakikuguswa na maji yale ni soda alizotoka nazo Louisville, na zilikuwa za moto kama chai. Akafungua moja kubwa. Tukasimama sisi wanne kwenye nyasi, kati ya jiko na bomba. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya maisha ya Baba, ndiyo kazi niliyopewa, nikaanza kuikunjua karatasi. Zakaria akaniambia niirudishe mfukoni. Akasema yeye, na alisema hivi, nimeyashika yote:

“Baba yetu alilima. Akakimbia. Akachimba vyoo, watu wasife. Akatulea. Tumemlia, sasa tumenyamaza. Msiba umekwisha. Mwenye kazi arudi kazini, mwenye harusi afanye harusi.”

Akampa Neema chupa kwanza, kisha Dada, kisha mimi, akanywa yeye mwisho. Honi ikapigwa tena.

“Na huyo naye aendelee,” akasema Zakaria, akaenda kusogeza gari.

Baadaye tulishuka ziwani. Utando wa kijani ulikuwa umefika na huko. Dada akavua viatu akaingia hadi vifundoni, nasi tukamfuata, tukanawa mikono na miguu haraka. Ulisema ziwa. Hukusema ziwa safi. Jioni ile ile tukarudi nyumbani kwangu, tukalala wote kwenye vyumba viwili, tukipokezana choo, na mwenye nyumba hakutokea.

Sasa upime mwenyewe. Kulala mahali pamoja kumetimia. Kunawa kumetimia, kwa shida. Zakaria amesema neno lake. Chungu kimoja ndicho chenye maswali: tulikula kidogo pamoja na tukatapika pamoja, na sijui desturi inasemaje juu ya hilo la pili. Nilimwambia Dada tungoje uamuzi wako. Hakungoja. Jumatatu, akiwa bado anakunywa maji ya chumvi na sukari, aliwapigia wakwe akawaambia walete mahari, na mezani kwake Columbus maji yatatoka chupani. Ukiona haitoshi, Mama, mpigie yeye. Mimi nitaripoti tu kilichosemwa.

Mfikishie shikamoo Shangazi, ambaye sauti yake ndiyo unayoisikia sasa, na umwambie pole kwa sehemu ya mpira. Msalimie katekista aliyesimamia kaburi la Baba, na jirani anayekuletea maziwa asubuhi, na yule fundi baiskeli wa kona anayekuitia gari siku za hospitali. Mke wangu anakusalimu; yeye alikataa kulala kwenye hema tangu mwanzo, na hasemi kitu, anatazama tu. Neema anakusalimu zaidi ya wote, nawe unajua sababu.

Shuka ngazi polepole.

Mwanao wa mwisho,
Elisha