Nilikimbia Nimefunga, Sasa Kijana wa Watu Anaitwa Mwongo

Mama Jacinta,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini wewe na nyumba yako hamjambo. Mimi ni mama niliyekaribia miaka hamsini, shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo ukikuta nimeandika kombo nyoosha tu. Nauza sweta za shule, mitumba, pale soko la Kibuye, na kila Jumapili nikitoka ibada navua viatu, nakaa, nakusoma gazetini, na huwa nasema huyu mama anajua kugombeza, siku nikikosea nitamwandikia yeye. Basi siku yenyewe ndiyo hii, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza.

Jambo lenyewe lilianza kwa furaha. Walikuja kanisani kwetu wanafunzi watatu wa chuo kimoja hapa mjini, wanasomea sayansi ya michezo, na mimi mpaka siku hiyo sikujua michezo ina sayansi, nilidhani mpira ni mpira. Walikuwa na mradi wao wa kumalizia chuo, wakataka kina mama waliopita miaka arobaini wacheze netiboli na kuruka kamba kwa wiki kadhaa katika kiwanja cha nyuma ya kanisa, wapimwe mwanzo na wapimwe mwisho, ijulikane kama moyo na pumzi vinabadilika. Kiongozi wao ni Naeema, binti wa Kiislamu wa hapa mjini, mpole sana lakini ukichelewa anakuangalia tu, haongei, na wewe mwenyewe unaanza kuomba msamaha. Wa pili ni Byron, yeye ni wa kompyuta na maneno mengi. Wa tatu ni Calvince, kijana wa Asembo Bay, mama yake anauza samaki huko, na huyu ndiye ananifanya nikuandikie.

Tulicheka, Mama Jacinta. Wanawake wazima tumefunga leso juu ya suruali, tumevaa raba, Mama Milka mwenyekiti wetu anapiga kelele, "Nipeni mpira! Mimi shuleni nilikuwa senta, nyinyi mlikuwa wa kuleta maji!" Kupima kwenyewe ni hivi: wanaweka koni huku na koni kule, spika inalia, unakimbia ufike upande wa pili kabla haijalia tena, na ukianza tu kuzoea inaongeza haraka, mpaka ushindwe. Halafu mmoja wao anakushika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo ya moyo akiangalia saa. Mara ya kwanza wenzangu walikuwa wamelala kwenye nyasi na mimi bado nakwenda, si kwa kujisifu, ni ile mizigo ya sokoni imenikomaza, na Byron akasema, "Mama, wewe umefungwa injini ya lori."

Sasa hapa ndipo naingia pabaya. Nina binti, nitamwita Akinyi, ameolewa kwa watu wa Milimani, watu wazuri wenye geti na mbwa, lakini huu ni mwaka wa sita hajapata mtoto na mama mkwe ameanza kumuuliza kwa macho. Alinijia akalia, akaniambia, "Mama, niombee, lakini usiwaambie kina mama wa kanisa. Hao wataniombea kwa maikrofoni." Nikamwahidi. Nikamwekea Mungu funga, kila Jumatano na Ijumaa, sili wala sinywi mpaka jua lizame, na hajui mtu, kwa sababu sisi tumefundishwa ukifunga unanawa uso, unapaka mafuta, unakwenda zako, ibaki kati yako na Mungu.

Mazoezi yetu yalikuwa Jumanne na Jumamosi, hayakugusa funga yangu. Lakini ile Jumamosi ya kupimwa mara ya mwisho kiwanja kilikuwa na harusi, wakaisogeza siku, ikaangukia Jumatano. Ningesema. Sikusema. Nilifika nimechelewa kutoka sokoni, jua linachoma, wenzangu wamemaliza na wako ndani na Naeema na Byron wanakunywa chai, na sheria ya hao watoto ni kwamba kila mtu anapimwa mbele ya macho ya wawili, si mmoja. Calvince akaniona nimesimama na mfuko wangu, akanihurumia, akasema, "Njoo Mama, nikupime haraka nawe upate chai yako." Akaniuliza yale wanayouliza kila mtu, umekula leo, umekunywa maji, na mimi nikamjibu, "Niko sawa, nyathina," yaani mwanangu, kama ninavyomwita kila mtoto. Sikusema nimekula. Nilisema niko sawa. Nimekuwa nikijitetea na hilo neno tangu siku hiyo, lakini nikipiga magoti kuomba halinisaidii.

Nilikimbia kidogo tu nikaona koni zimekuwa mbili mbili, nikakaa chini. Kijana alishtuka, akanishika mkono kuhesabu mapigo, akakimbia kuleta maji, nikayakataa, nikasema nitakunywa nyumbani. Akavua kofia yake akanipepea nayo. "Labda ni jua, Mama," akasema, akaandika alichokiona, akanibebea mfuko mpaka barabarani.

Baada ya muda wakanijia sokoni wote watatu. Byron alikuwa amepanga kazi yao kwenye kompyuta, akakuta kina mama wote wamepanda, hata Mama Milka na magoti yake, na yule aliyekuwa wa kwanza ameanguka akawa wa mwisho. Akamwambia Calvince mbele yangu, "Buda, hizi namba umepika. Ulikuwa peke yako, ukachoka, ukajiandikia."

Calvince akasema, "Si mama mwenyewe yuko hapa? Muulizeni." Akanigeukia. "Mama, ile siku ulikuwa vizuri kweli? Si ulikaa chini?"

Na Mama Milka alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti changu, anachagua sweta ya mjukuu, na dada yake anasali kanisa moja na wakwe wa Akinyi. Nikaona nikisema nilifunga ataniuliza nafungia nini, na Mama Milka akianza kuuliza hajui kuacha. Nikasema, "Mimi niko sawa siku zote, Mungu ni mwema."

Mama Milka akadakia, "Huyu aanguke? Huyu anawashinda nyinyi wote! Wewe kijana ulikuwa unaangalia simu." Watu wakacheka. Calvince hakucheka.

Sasa Naeema ameniambia, na nilimwona hata yeye imemuuma, kwamba wamekubaliana na Byron kuwa Calvince hatasimama nao mwisho wa mwezi watakapoeleza kazi yao mbele ya mwalimu, na mwalimu akiuliza wataeleza sababu, kwamba mwenzao alibuni. Mtoto wa watu atarudia mwaka, na hilo jina la mwongo litamfuata. Na juzi alipita sokoni akanikuta nahangaika na mzigo, akaushika, akaufunga kamba, akasema, "Mungu akubariki, Mama," akaenda zake. Hakuniuliza kitu. Afadhali angenitukana.

Nimefikiria kuwaambia nilikuwa na malaria ili mambo yaishe, lakini huo nao ni uongo. Nikisema ukweli navunja ahadi ya mtoto wangu, tena naogopa Mungu ataona nimeitangaza funga na yote yatakuwa bure, na atakayekosa si mimi, ni Akinyi. Nikinyamaza, Calvince anazama. Wa kwangu au wa mama mwenzangu, nimshike yupi? Nisaidie, dada yangu, kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi,
Mama wa Sweta, Kibuye


MAMA JACINTA ANAJIBU

Mama wa Sweta, umesema najua kugombeza. Basi vua viatu, ukae.

Kwanza nikutoe hofu. Majina yote nimeyabadilisha, na hicho unachouza sokoni pia si sweta, kwa hiyo Mama Milka akisoma ukurasa huu atakwenda kumtafuta mtu mwingine. Kwa hilo pumua.

Sasa. Ulikimbia kwenye jua la Kisumu, tumbo halina kitu, koo halina maji, katika umri wako ambao ni wangu pia. Ungeanguka usiamke, hao watoto watatu wangesimama mbele ya polisi, si mbele ya mwalimu. Yale maswali ya umekula, umekunywa, hawayaulizi kwa adabu tu. Wanayauliza ili mtu asiwafie mikononi. Ulipojibu "niko sawa" ulijua wanachouliza na ulijua hukujibu. Usilipambe hilo neno tena.

Lakini hilo nakusamehe upesi, kwa kuwa ni wewe uliyeumia. La sokoni ndilo limenikalia. Kijana alikuuliza uso kwa uso, hana mwingine, wewe ndiye shahidi wake wa pekee, na ukaweka jina la Mungu juu ya jibu lililomfanya yeye mwongo. Unasema afadhali angekutukana. Naelewa. Angekutukana ungehisi mmelipana.

Tuwe wa haki kwa wote. Byron hakukosea kuuliza. Namba ikishangaza, mwenye kazi lazima aulize. Alikosea kujijibu mwenyewe. Na Calvince alivunja sheria waliyoiweka wao wenyewe, akakupima bila mwenzake kuona, na sheria hiyo ingemlinda yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alifanya kwa huruma, sawa, lakini hilo atalikiri mwenyewe mbele ya timu yake. Usimsaidie kukiri. Wewe una lako.

Tuje kwenye funga. Mafundisho uliyopewa ni usijitangaze upate sifa. Hebu niambie, hapa nani atakusifu? Unakwenda kuona aibu, mama, si kupigiwa makofi. Na huyo Mungu unayemwomba ampe Akinyi mtoto, unadhani atakudai kwanza umzamishe mtoto wa mwanamke wa Asembo Bay ili siri yako ikae vizuri? Mimi namwomba Mungu huyo huyo, na sijawahi kumwona akifanya biashara ya namna hiyo.

Shida yako ni kwamba una siri mbili na umezitia kwenye fundo moja. Ya kwanza ni kwamba siku ile ulikuwa umefunga. Hiyo ni yako, unaweza kuitoa. Ya pili ni ulifungia nini. Hiyo ni ya Akinyi, huna ruhusa ya kuigusa, na habari njema ni kwamba hakuna anayeihitaji. Hao wanafunzi wanataka kujua tumboni mlikuwa na nini, hawataki kujua ulikuwa unaomba nini. Uliniuliza umshike yupi. Fungua fundo, utaona una mikono miwili.

Fanya hivi. Leo mpigie Akinyi, umwambie kwamba utasema ulifunga, na hutasema zaidi ya hapo. Humwombi ruhusa, unamjulisha asije akashtuka. Kisha mtafute Naeema. Huyo binti kila Ramadhani anafunga na darasani anakwenda. Hutahitaji kumweleza funga ni nini, na nina hakika hatakuuliza unafungia nini. Lakini usimnong'oneze pembeni akubebee mzigo. Mwambie awaite wenzake, Calvince awepo, nawe useme kwa mdomo wako: siku ile nilikuwa nimefunga, sikula wala sikunywa, nilikaa chini kama alivyoandika, akaniletea maji nikayakataa. Alichoandika Calvince ni kweli, na sokoni nilimkana, naomba anisamehe. Ukimaliza, nyamaza. Malaria isikaribie hapo. Wakitaka umweleze na mwalimu wao, vaa nguo yako ya Jumapili uende chuoni. Kama watayaacha matokeo yako au watayaeleza, hiyo ni sayansi yao, waachie.

Unafikiri umemaliza? Bado. Kijana alichekwa mbele ya Mama Milka, kwa hiyo Mama Milka naye asikie. Najua atauliza unafungia nini. Mjibu, "Mambo ya nyumbani kwangu, Mwenyekiti." Akiuliza tena, muulize magoti yake yanaendeleaje, na uvute kiti, maana hapo atazungumza mpaka soko lifungwe.

Halafu, wakikubali kukupima upya, nenda siku ambayo hujafunga, na mwanafunzi wa pili awepo kuona. Calvince atakuuliza tena kama umekula na kama umekunywa maji. Jibu la swali hilo unadaiwa tangu Jumatano ile. Mpe lote: uji, na mkate, na yai, na chai, na maji, tena maji, mtajie kimoja kimoja mpaka kijana wa watu acheke.