Tundu la Kushoto Halivuti

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya Ilomba leo imenitoa machozi. Edmund kaleta gereji ile MG ya baba yake, ile ndogo ya Kiingereza isiyo na paa. Kabureta zake za asili zimekufa. Kaagiza nyingine mtandaoni, si ya gari hiyo — moja, ina matundu mawili ya kuvuta hewa. Jumamosi wazazi wake wana jubilei ya ndoa kule Kalenga, Iringa, anataka waingie kanisani na gari yao. Nikamwambia Ijumaa asubuhi unaondoka, usiwe na shaka. Mimi bwana, sijui kwa nini huwa naahidi!

Jumanne, 15 Julai

Injini inamisi, inakatakata. Nimechukua mipira miwili ya petroli, nimechomeka mmoja kila tundu, ncha nyingine masikioni. Nasikiliza yote mawili kwa pamoja mpaka yalingane. Ndivyo nifanyavyo siku zote, Mbeya hii wananijua kwa masikio. La kulia linavuta vizuri. La kushoto kimya! Nikalifungulia hewa. Kimya. Nikafungulia tena — gari ikatetemeka kama ina malaria, ikazima.

Jumatano, 16 Julai

Nimeishusha kabureta yote. Nimeosha, nimepuliza, nimeweka gasketi mpya, nimerudisha. Kushoto kimya vilevile! Nimetupa bisibisi ukutani. Takataka gani hizi wanatuuzia watu?

Jailos, yule wa kupaka rangi magari hapo jirani, kaja kuinama. Eti yeye anasikia yote yanavuta, tena la kushoto ndilo limezidi. Nikamwambia arudi kwenye rangi zake. Mpaka jioni hatujasemeshana.

Nimekataa kula. Faustina, mke wangu, kaondoa sahani.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimegeuza mipira. Wa kushoto nikauweka sikio la kulia, wa kulia sikio la kushoto. Hasira tu, wala sikuwa na akili yoyote.

Likavuta! Tundu la kushoto linavuta kwa fujo. Na lile zima, lile nililoliamini, ndilo limenyamaza. Nikageuza tena. Na tena.

Kabureta haina kosa. Ni sikio langu.

Mwe! Nilikaa kwenye tairi. Sijui kazi nyingine mimi. Nani atamletea gari fundi kiziwi? Na hili la kulia nalo likifuata?

Baadaye nikasawazisha kwa sikio moja, tundu hili, kisha lile. Sailensa ikatulia. Edmund kafika anachekelea, kanisalimu kwa Kihehe: kamwene fundi, masikio hayo usiyauze! Nikacheka naye. Ningeweza kulia. Eti kesho twende wote Iringa, nikae pembeni nimsikilizie injini njia nzima. Nimekubali! Ningesemaje?

Nimefika nyumbani, nimemwambia Faustina aninong'oneze neno lolote, sikio la kushoto. Kadhani nimeamka na mapenzi, kacheka, kainama. Nimehisi pumzi yake ya moto shingoni, basi. Nikamwambia nimesikia.

Kaacha kucheka. Kauliza: haya Baba Violet, nimesema nini?

Nimejifanya nina jambo la kuandika. Naandika. Bado amesimama hapa, anangoja nimjibu.