Masika Haiko

Mama yangu mpendwa wa Kabatoro,

Kusoma hukujua, kwa hiyo barua hii hata ungekuwa hai ningelazimika kukusomea mwenyewe, na hapo ndipo ningeshindwa. Nimengoja mpaka umezikwa ndipo nikapata ujasiri wa kuiandika. Ujasiri gani huo, jamani.

Unaikumbuka siku ile basi la shule yetu lilipokuja ziwani. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya masista, soksi nyeupe mpaka magotini. Kila muhula tulipelekwa kuwatumikia wanyonge, ndivyo Sista alivyosema: mara kwa wavuvi wa Kahendero, mara kwa wazee wa Kisinga. Nilizipenda sana safari hizo, mama. Kubeba sabuni nilikuwa wa kwanza. Mpaka siku Sista aliposimama mbele ya darasa akasema zamu hii tunakwenda kwa wanawake wa chumvi, Katwe, ziwani kwetu.

Nilitamani kuugua. Nilijaribu hata kukohoa, Sista akanipa maji ya moto na kuniambia nipande basi. Wenzangu nilikuwa nimewaambia kwamba baba yangu ni mkubwa jeshini, tunakaa kambini Kasese, na afande hapendi wageni. Wakaniita Binti Afande, nami nikawa naitika kwa maringo. Wewe nikakudanganya kwamba siku ya wazazi imefutwa. Kila muhula ikafutwa, nawe ukaamini, au ukajifanya umeamini.

Tulikukuta ndiyo kwanza unatoka majini, nguo imekugandama, miguu ina vidonda vile ulivyokuwa ukivipaka samli kila jioni. Biira, mdogo wangu, alikuwa nyuma yako anapanga mabonge ya chumvi. Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu uso wako ulianza kucheka, kisha ukatazama jinsi nilivyojibanza nyuma ya wenzangu na boksi la sabuni kifuani. Ukaacha kucheka.

Sista alikuwa Mtanzania, lakini alikuwa amekaa kwetu miaka mingi na desturi za Wakonzo alizijua vizuri. Alijua kwamba kwetu jina la mtoto linakuonyesha amezaliwa wa ngapi: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Hakuna mama wa Biira ambaye hakumzaa Masika kwanza. Akatoa daftari akakuuliza majina ya watoto wako.

"Biira, Kabugho, Mbambu," ukamjibu.

"Mbona unaanza na Biira, mama? Masika yuko wapi?"

Ukainama, ukakamua upindo wa leso yako. Ukaukamua muda mrefu kuliko maji yaliyokuwamo.

"Masika haiko, Sista."

Sista akakushika bega. "Pole sana, mama." Kisha akageuka kututazama, akanitafuta kwa macho. "Masika, Binti Afande, njoo hapa mbele. Wewe ni wajina wake. Tuongozee sala, tumwombee."

Nikaja. Miguu ilinileta, mimi sijui nilikuwa wapi. Nikasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nikimwombea marehemu ambaye ni mimi mwenyewe, mzima, nimeshiba chai ya shule, na boksi la sabuni mkononi. Nilipofika kwenye apumzike kwa amani, wenzangu wakaitikia Amina. Wewe ukaitikia Amina. Na wale mama wa chumvi waliokuwa wamesimama kando, walionibeba mgongoni kabla sijaota meno, nao wakaitikia, wote. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Walipokea sabuni zao wakashukuru. Kipande chako nilikukabidhi kwa mikono miwili, kama mgeni mwenye adabu, ukasema, "Asante, mutoto."

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nimejiandaa kutukanwa. Ungenizaba kofi ningeshukuru. Ulikuwa jikoni unasonga ugali wa muhogo, na hukugeuka.

"Mimi nilisema haiko," ukaniambia. "Kufa sikusema. Ni Sista ndio alielewa vile."

Ukasonga kidogo, kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemuuliza bosi wake, "Nilisema vizuri?"

Na mimi, mama, nikakujibu, "Ulisema vizuri." Ukafurahi. Ukanipakulia samaki mkubwa, Biira na wenzake wakagawana wadogo.

Ile sala naweza kuisingizia utoto na woga. Jibu lile siwezi. Tulikuwa wawili tu jikoni, hakuna mwenzangu hata mmoja aliyekuwa akinisikia. Nilijiambia nitakuomba msamaha Krismasi, halafu Pasaka, halafu nikiajiriwa. Nikaajiriwa. Nikanunua hata godoro nikakuletea, maana godoro halisemi kitu.

Sasa mimi ni mwalimu huko Bwera, shule ya Kanisa, na mkuu wa shule amenikabidhi safari hizi hizi za huduma. Nilichagua Katwe mwenyewe, kisha nikajuta kabla hatujafika nusu ya njia. Kidimbwi chako cha chumvi sasa ni cha Biira. Tulimkuta amesimama majini pale pale, na miguu yake imekuwa ya kwako. Msichana mmoja akafungua daftari, akaanza kumuuliza majina. Biira akanitazama kidogo, akatazama maji. Nikaelewa kwamba yuko tayari kunificha kama ulivyonificha. Ulimfundisha.

Nikasema, na sauti ilikuwa mbaya, "Huyu ni Biira, mdogo wangu. Masika wake ni mimi. Na hapa ndipo mama yetu alipofanya kazi mpaka akafa."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mama, walinipigia makofi, nikatamani ardhi inimeze.

Biira hakupiga. Aliinama akang'oa bonge jingine la chumvi, akaliweka juu ya mengine, ndipo akasema, bila kunitazama, "Kumbe Masika iko."

Niko, mama. Ulipouliza kama ulisema vizuri, nilikuwapo.

Lala, nami sitaomba kwa sauti mbele za watu tena.

Mtoto wako wa kwanza,
Masika