Bwana Kassimu na Goti la Mwanangu

Jumanne, 24 Novemba 1964

Korosho tangu asubuhi. Vidole vyeusi, gumba limeungua kwa mafuta ya maganda. Mvua ya vuli imepita kando tena.

Bakari amerudi mazoezini anachechemea. Nimemwuliza, kasema si kitu, mama. Amekula mguu mmoja kaunyosha mkekani kama mzee. Aliposinzia nimeinua kikoi kidogo. Goti limevimba kama embe.

Naogopa.

Alhamisi, 26 Novemba

Nimempeleka kwa bibi anayekanda mifupa. Kaliminya goti, kafumba macho, kaliminya tena. Kasema kuna kitu kimepasuka ndani. Asiguse mpira mpaka Ramadhani ipite. Akicheza sasa atachechemea mpaka kaburini. Amesema hivyo hivyo, hakupunguza neno.

Njiani Bakari kaniapisha nisimwambie mtu. Siku ya Jamhuri timu yake, Tufani, wanacheza na Tiwi na beki ni yeye. Bwana Kassimu, mwenye timu, akijua atamtoa, na mtu akitolewa na Bwana Kassimu harudi. Nimeapa kwa jina la Mungu. Ulimi wangu una haraka kuliko akili yangu.

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza. Nimeapa ili nini? Ili mwanangu awe kiwete?

Ijumaa, 27 Novemba

Kisimani hakuna maneno mengine ila mpira. Watu husema timu ya kijiji, lakini si ya kijiji. Jezi ni za Bwana Kassimu, mpira ni wake, lori lake la mbata, la kubebea nazi kavu, ndilo linalowapeleka vijana Msambweni na Likoni. Mwenyewe husema wazi: Tufani ni yangu, asiyependa akaunde yake.

Nimewachokoza wanawake wenzangu kidogo ili nisikie. Nataka kujua jambo moja tu. Mwanangu akivunjika mikononi mwa mtu huyu, atambeba au atamwacha?

Jirani yangu Bi Mwanasiti kasema hakuna mtu kama yeye pwani hii. Mke wa kipa aliposhikwa na uchungu, lori lilimwaga mbata njiani likampeleka hospitali. Mwingine akamjibu, ndiyo, na wiki ile ile alimzaba kipa kofi mbele ya wakwe zake kwa goli la Likoni. Mtu gani huyo? Bi Mwanasiti akasema, mkono unaopiga ndio unaolisha. Wakacheka. Mwingine akasema, basi mumeo akupige leo tuone utakula nini. Wakacheka zaidi.

Mimi nimecheka nao. Maji yamenimwagikia.

Jumatatu, 30 Novemba

Uvimbe umepungua kidogo. Bakari kaenda mazoezini. Anafunga kitambaa chini ya soksi. Nimemkataza, kanibusu kichwani akaondoka. Ana miaka ishirini, namkatazaje?

Marehemu babake angekuwapo angemkataza. Au pengine naye angekwenda kushangilia.

Jumatano, 2 Desemba

Nimekwenda Kinondo kumwona Saidi. Alikuwa beki wa Tufani kabla ya Bakari. Wanaomchukia Bwana Kassimu husema Saidi alivunjika mguu akatupwa kama kifuu. Wanaompenda husema alitunzwa kama mtoto wa nyumbani. Nikaona nisisikilize wote wawili, nimwulize mwenye mguu.

Anashona nyavu barazani. Mguu umepona upande. Kanipokea vizuri, shikamoo mama, kanikaribisha mihogo. Nikamwuliza ni kweli ulitupwa?

Kasema Bwana Kassimu alikuja kila Ijumaa akitoka msikitini. Analeta sukari, anakaa, anamsimulia mchezo ulivyokuwa. Mguu ulipokuwa unaunga alikuwa anakuja. Ulipounga vibaya, ikajulikana Saidi hatacheza tena, Ijumaa moja hakuja. Nyingine hakuja.

"Hakunitupa, mama. Alinisahau. Si sawa na kutupwa."

Nikamwuliza lipi afadhali. Kasema kutupwa, maana aliyekutupa anajua alikokutupa.

Nimerudi kwa miguu, sikuhisi jua.

Jumamosi, 5 Desemba

Mwezi wa mlisho, Shaabani, umeandama. Harusi mbili kijijini, ngoma mchana kutwa, na mimi moyo wangu uko ghalani.

Vijana wameingia kambini leo. Kambi ni ghala la mbata la Bwana Kassimu, njia ya Kinondo. Watalala huko mpaka mchezo. Hawali chakula cha nyumbani, hawampi mtu mkono, hawaoni mwanamke, hata mama. Mganga amelizungushia ghala kago, mstari wa majivu na dawa zake. Mwanamke akiuvuka, dawa imekufa na timu imefungwa.

Mimi huwa nasema hayo ni shirki. Lakini nikipita njia ile hupitia mbali, upande wa minazi. Sijui kwa nini.

Bakari kaondoka kabeba mkeka. Alikuwa akijikaza asichechemee. Nilimwona mpaka kona.

Jumapili, 6 Desemba

Nimemwita kaka yangu Omari. Mjomba ana neno kwa mpwa wake kuliko mtu yeyote, ndivyo tulivyolelewa. Sikumwambia goti, kiapo kilinikaba. Nimemwambia tu, nenda kambini umtoe Bakari, naota vibaya.

Omari kashika kichwa. "Dada, unataka watu wachome nyumba yangu?" Kwake yeye Bwana Kassimu ni simba. Kabla ya Bwana Kassimu, kasema, Tiwi walikuwa wakitufunga huku wanakula miwa. Wazungu wamekwenda, leo tuna serikali yetu, na wa kwanza kutufanya tutembee kifua mbele ni yule. Ana kiburi? Ndiyo. Hasikii la mtu? Ndiyo. Nahodha wa jahazi naye huitisha kura?

Nikasema nahodha akizama huzama na watu. Kanywa chai yote, kaondoka.

Sina mwingine wa kumtuma.

Jumanne, 8 Desemba

Sikuchoma korosho. Nimeunguza wali. Bi Mwanasiti kaniuliza kama naumwa.

Nimekwenda kwa maalim, nikamwuliza kama naulizia mtu mwingine. Mtu akiapa, halafu akaona kiapo chake kinamdhuru mtoto? Kasema avunje kiapo, afanye lililo jema, kisha atoe kafara. Alishe masikini kumi. Asiyeweza afunge siku tatu.

Siku tatu naziweza.

Jumatano, 9 Desemba

Nimekwenda ghalani.

Nilidhani nitasimama mbali nimtume mtu aniitie. Hakuna mtu. Vijana walikuwa pwani wanakimbia. Nikaita hodi, hakuna jibu, nikasogea, nikaita tena. Bwana Kassimu katoka mlangoni, fulana na kikoi, miwani kaipandisha kipajini. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu hivyo. Mtu mfupi. Sauti yake ndiyo ndefu.

Nikayatoa yote bila salamu. Mimi ni mama wa Bakari. Goti lake limepasuka ndani. Bibi wa mifupa kasema akicheza atakuwa kiwete. Yeye hatakwambia, atakufa kabla ya kukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Nilikuwa nalia, nimesahau hata kujitanda vizuri. Nikamtaja Saidi. Hilo sikulipanga. Nikasema, usimsahau wangu kabla hajavunjika.

Hapo uso wake ulibadilika, sikujua ni hasira au nini.

Hakunijibu la goti. Kaangalia miguuni mwangu. "Umevuka," kasema.

Nikageuka. Mstari wa majivu ulikuwa nyuma yangu, na nyayo zangu juu yake.

Kaja mwenyewe, kafukia nyayo zangu kwa kiatu chake, moja moja, kaurudisha mstari kwa mkono. Kasema rudi nyumbani kwa njia ya minazi, usiseme na mtu.

Basi. Sijui atamtoa au hatamtoa.

Alhamisi, 10 Desemba

Mbwa akibweka nadhani wanakuja kunichukua.

Ijumaa, 11 Desemba

Kimya kutoka kambini. Kesho bendera, kesho ngoma, kesho watoto wa skuli wataimba. Mimi najua dua moja tu. Ee Mola, asimpange.

Jumamosi, 12 Desemba

Hakumpanga.

Nilimwona kutoka upande wa wanawake. Wenzake wameingia uwanjani, yeye kakaa chini na jezi yake, kichwa kati ya magoti. Lile zima na lile bovu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, Bi Mwanasiti kageuka kuniangalia.

Tumefungwa mbili kwa moja. Magoli yote mawili yalipita pale pale ambapo Bakari angekuwa.

Watu walivyopandwa na wazimu. Mzee mzima kavua kofia kaitupa chini. Wanalizunguka lori, nani kamtoa Bakari, nani? Mwanamume aliyekuwa akimwita Bwana Kassimu simba tangu asubuhi kaokota jiwe. Halafu mganga kapanda juu ya ndoo, kasema dawa yake haikukosa, dawa yake ilivukwa. Mwanamke kavuka kago. Kuna kanga ilionekana njia ya minazi.

Wanawake wakaanza kutazamana. Nani? Kanga ya rangi gani? Najua wanayofanyiwa wanaosemwa hivyo. Hawatapigwa labda. Hawatasalimiwa tena, hawatapewa maji, wakipita watoto watavutwa ndani.

Bwana Kassimu kapanda juu ya lori. Jiwe limempita sikioni, hakuinama.

Kasema, "Hakuna mwanamke aliyefika kwangu. Ghala ni langu, ningemwona. Bakari nimemtoa mimi, kwa kiburi chake. Kanijibu vibaya. Kwangu hajibu mtu. Mwenye neno aje aniambie mimi, asisumbue wake za watu."

Watu wakampigia kelele. Wengine wakampigia makofi. Mtu mmoja karibu yangu kasema ana roho mbaya, kapoteza mchezo kwa hasira zake. Mwenzake kasema huo ndio uongozi, mtoto asipotii anakaa chini hata akiwa nani. Wakashikana mashati.

Bakari alikuwa amesimama pale pale, kinywa wazi. Hakumjibu mtu vibaya maisha yake.

Jumapili, 13 Desemba

Hakutoka chumbani. Kaka Omari kaja, kamkaripia barazani mbele ya wapita njia: ulimwambia nini Bwana Kassimu, una nini, umetuaibisha ukoo mzima. Bakari kaapa hakusema kitu. Omari hakumwamini. Nimemwona mwanangu ananitazama nimtetee, na mimi nachambua mchele.

Mtu yule kanikinga mimi kwa jina la mwanangu. Angeweza kusema goti. Kwa nini hakusema goti? Nimefikiri mchana kutwa. Angesema goti wangeuliza nani kakwambia. Bakari angesema si mimi. Anayejua mwingine ni nani ila mama yake?

Au pengine hakufikiri hayo yote. Pengine ni kiburi tu, hakutaka ijulikane kuwa dawa yake ilivukwa na ajuza wa korosho. Hayo nayo yawezekana.

Jumatatu, 14 Desemba

Nimeanza kufunga. Kisimani wananiuliza, haya Mama Bakari, Bwana Kassimu wako wamsemaje leo? Nimesema ndoo yangu imejaa.

Jumanne, 15 Desemba

Nimefunga. Mtu wa Tiwi kaja kumwona Bakari. Wanamtaka. Wanacheza kabla ya Ramadhani. Bakari kasema atawaonyesha, atamwonyesha yule mfupi yeye ni nani. Uso umemng'aa, mara ya kwanza tangu Jamhuri.

Kwa hiyo yote niliyoyafanya ni bure. Ataliua goti kwa hasira badala ya kuliua kwa mapenzi.

Jumatano, 16 Desemba

Siku ya tatu. Bakari kaleta muhogo wa kuchemsha, nikasema nimefunga. Akashangaa, mama, Jumatatu, Jumanne, leo tena? Una deni gani na Mungu?

Nimemwambia. Kiapo, maalim, ghala, majivu. Nyayo zangu alivyozifukia. Nimemwambia na la Saidi, la Ijumaa zilizokatika, asije akadhani namsifu mtu. Sijui ni mtu gani, nimesema. Najua alilofanya siku ile tu.

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Kakaa na ule muhogo mkononi mpaka ukapoa.

Halafu kauliza kitu kimoja. Alikuheshimu, alikukaribisha kiti?

Nikasema hapana. Lakini naye hakukaa.

Kaitikia kwa kichwa, kasema Tiwi watafute beki mwingine. Kaenda uani taratibu, kaugeuza mguu vizuri, kakaa karibu na moto akaanza kubangua korosho zangu. Nimemwambia ajipake majivu vidoleni asiungue. Magharibi iko karibu. Nina njaa.