Aliyejipa Utani

Mjukuu wangu Fausta,

Sisi hapa Chinongwe ni wazima, mikorosho imechanua, na dada yako kajifungua mtoto wa kiume mwenye kelele.

Umeniuliza utampendaje huyo mpangaji mwenzako wa kabila jingine na dini nyingine, eti kwa sababu Injili imesema tupende watu wote. Jibu sina. Nina kisa tu, na kinanishangaza mpaka leo.

Miaka ya sabini, mwalimu wetu, Mhaya wa Bukoba, alifiwa na mama yake aliyeishi naye hapa. Kwetu Wamwera msiba unataka mtani, mtu wa kabila mnalotaniana nalo, amwigize marehemu mpaka wafiwa wacheke. Sasa Mhaya angempata wapi mtani huku? Wakristo tulisali, tukapika. Mwalimu hakutoa hata chozi.

Ndipo akaingia jirani yake, Mzee Saidi, Mwislamu. Kajifunga kanga ya marehemu, kainama, akakohoa kama yeye, akafoka: "Nyie Wamwera, ndizi mmezificha wapi? Ugali wenu utaniua!"

"Nani kakupa utani na sisi?" mwalimu akauliza.

"Nimejipa mwenyewe. Ulitaka ukae msibani bila mtani?"

Mwalimu akacheka, kisha akalia, akalia kweli.

Mimi ninachokiwaza ni kile kikohozi. Tuliketi na yule mama benchi moja kanisani kila Jumapili, na hakuna kati yetu ambaye angeweza kukiigiza. Saidi alikisikiliza lini?

Huyo mpangaji mwenzako, Fausta, anakohoaje?

Bibi yako