Fundi aliyemwita binti yangu mvivu

Shoga, nimetoka kliniki nimejaa hasira, Mungu anisamehe.

Yule fundi wa mikono ya bandia ya betri leo alitaka kumnyang'anya binti yangu mkono wake, ampe mtoto mwingine. Eti mvivu, hakazi msuli. Mvivu! Miezi miwili mtoto anakaza mpaka jasho linamtiririka!

Nikakishika kigutu mwenyewe. Msuli unaruka kwa chini, yeye vile vibati vya kuusikiliza msuli ili mkono ufanye kazi kavibandika juu, macho kwenye kompyuta tu. Nikamwambia fundi, "Baba, hebu shika hapa."

Akavisogeza. Vidole vya ule mkono vikajifumba papo hapo.

Unajua alisemaje? "Umeona? Leo amejitahidi." Amejitahidi!

Njiani mtoto ananiuliza, "Mama, kumbe sikuwa mvivu?"

Kesho narudi. Atamwomba mtoto radhi, nami nimekaa palepale nasikia.